Mama halali usiku. Je, kumtoa nje kunasaidia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 79. Tulimtoa kwake Pangani mwezi wa tatu baada ya baba kufariki, sasa anaishi nami Kariakoo, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mchana anasinzia kwenye kochi, usiku anaamka mara nne au tano. Akishaswali alfajiri anarudi kitandani mpaka saa 4. Jioni ikiingia anafunga nguo zake kwenye khanga, anasema anarudi kwao. Tulipompeleka kupimwa tuliambiwa ni uzee na mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, akapewa vidonge vya usingizi. Akimeza, asubuhi yake anayumba. Ana presha, anatumia amlodipini na kidonge cha kukojoza. Jirani ananiambia nimtoe apate jua la asubuhi kwa ajili ya vitamini D. Kaka yangu anasema jua litampandisha presha. Mimi mwenyewe nimechoka, sijalala usiku mzima tangu mwezi wa nne na siku nyingine nalia bila sababu. Nimsikilize nani? (Mlezi, Kariakoo)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba wa mzee, na pole kwa kukesha.

Jirani yako amelenga, ila sababu aliyokupa siyo yenyewe. Kaka yako amekosea, ila hofu yake ina mahali pake. Nitawafikia wote wawili. Kwanza turudi kwenye ile sentensi uliyoiandika kama unapita njia tu: mama akishaswali alfajiri anarudi kitandani mpaka saa 4. Mimi ningeanza kutibu hapo.

Mama yako analala. Ukijumlisha usingizi wa asubuhi, wa kochini na ule wa kukatika-katika usiku, huenda anafikisha saa nane kama wewe na mimi tunavyotamani. Shida ni kwamba usingizi wake umemwagika, umetapakaa saa zote 24, na kidonge hakiwezi kuuzoa. Mwenye kuuzoa ni mchana, na mchana ndicho kitu ambacho mama amekikosa tangu mwezi wa tatu.

Nieleze kidogo, maana ukilielewa hili hutahitaji kukariri masharti yangu. Ndani ya ubongo, juu tu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vidogo vyenye seli kama 20,000 kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo saa ya mwili. Ndiyo inayoamua lini joto la mwili lishuke, lini njaa iume, lini tezi iliyo katikati ya ubongo imwage melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kwa wastani mzunguko wa saa hiyo ni saa 24 na dakika kumi hivi, kwa hiyo ukiiachia yenyewe inachelewa kila siku, kama saa ya ukutani yenye betri inayokufa. Lazima irekebishwe kila asubuhi, na kinachoirekebisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni.

Namna mwanga unavyofika huko imejulikana juzi tu. Tulifundishwa kwamba jicho lina aina mbili za seli za kupokea mwanga, moja ya usiku na moja ya rangi, basi. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake wakaikuta protini inayohisi mwanga kwenye ngozi ya chura, wakaiita melanopsini. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, akaonyesha kwamba kwenye retina kuna aina ya tatu ya seli, zenye melanopsini hiyo, zinazohisi mwanga zenyewe. Seli hizi hazimsaidii mtu kusoma wala kumtambua mgeni mlangoni. Kazi yake ni kuiambia saa ya ubongo kwamba kumekucha. Wapo hata vipofu ambao seli hizi zao ni nzima na zinafanya kazi. Ila ni nzito kushtuka: zinataka mwanga mkali, ukae muda, na zinaupenda hasa ule wa buluu wa anga.

Sasa liangalie jicho la mtu wa miaka 79. Mboni haifunguki kama zamani. Lenzi imegeuka manjano, na manjano hiyo inauchuja huo huo mwanga wa buluu. Kwa makadirio yanayotumika sana, mtu wa miaka 60 anapata kwenye retina theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 wakiwa chumba kimoja. Mama amepita hapo kwa miaka karibu ishirini, na kama ana mtoto wa jicho, jambo ambalo hujaniambia, ni kiza juu ya kiza. Mpeleke akapimwe macho. Naona watu wanatumia fedha nyingi kutafuta dawa ya usingizi ya mzee ambaye angeanza kupambanua usiku na mchana kwa kutolewa mtoto wa jicho.

Ninatembea na kipimo kidogo cha mwanga kwenye mkoba, wenzangu wananicheka. Mwanga unapimwa kwa luksi. Mwaka jana nilikwenda kumwona mzee mmoja Magomeni, saa 4 asubuhi, jua limewaka. Nilikishika kipimo mbele ya uso wake pale alipoketi, mapazia yamefungwa nusu, runinga imewashwa: 70. Nikamsogeza kwenye dirisha: 600 na kitu. Tukatoka naye kwenye kibaraza, kivulini, jua halimgusi popote: 8,000. Mjukuu wake alidhani kipimo kimeharibika, akaniomba nipime tena. Jua la wazi linafika 100,000, na hata siku ya mawingu mazito ya masika nje huwa ni maelfu. Macho yetu yanatudanganya kwa sababu yanajirekebisha haraka. Sebule unayoiona ina mwanga wa kutosha, kwa saa ya ubongo wa mama ni magharibi imeshaingia, na imeingia tangu saa 2 asubuhi.

Na hapo ndipo Pangani inapoingia. Kwake alikuwa na ua. Sijafika nyumbani kwenu, lakini nimelelewa na bibi wa pwani na naweza kukusimulia siku yake: anaswali, anafagia ua kabla jua halijakuwa kali, anawasha jiko nje, anaosha vyombo nje, anakaa chini ya mti akisuka ukili wake wa mikeka mpaka adhuhuri, anaanua nguo alasiri. Saa nne tano chini ya anga kila siku, na hakuna aliyewahi kumwambia akaote jua. Mkamleta mjini kwa mapenzi mema, mkamwambia sasa pumzika mama, usiguse kitu. Mliondoa kazi, na mwanga ukaondoka pamoja nayo. Ninaliona hili kwa kina mama zaidi kuliko kwa kina baba. Mwanamume akiletwa mjini atatafuta baraza, atakaa dukani kwa mtu, ataenda msikitini swala tano. Mwanamke akipoteza ua amepoteza anga.

Usinielewe kwamba mwanga utaurudisha ubongo wake. Ushahidi ni wa kiasi, na ni haki yako kuujua ulivyo. Jaribio ambalo wengi wetu tunaliegemea ni la Uholanzi, lilichapishwa mwaka 2008: nyumba 12 za kutunzia wazee, watu 189, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa kusahau. Katika baadhi ya nyumba waliweka taa kali za dari, kama luksi 1,000, zikiwaka mchana kutwa, na baadhi ya wazee walifuatiliwa mpaka miaka mitatu na nusu. Walioishi kwenye mwanga huo akili zao zilishuka polepole kidogo, tofauti ya asilimia 5 hivi, na dalili za sonona, ile huzuni iliyogeuka ugonjwa, zilikuwa pungufu kwa asilimia 19. Waliopewa vidonge vya melatonini bila mwanga walilala haraka zaidi, lakini furaha yao ilipungua na wakawa wa kujitenga. Kwa upande mwingine, mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya mwanga kwa watu wenye ugonjwa wa kusahau yalisema ushahidi hautoshi kuupendekeza kama tiba. Sawa. Ila hizo zilikuwa taa, nyingine za kukalia mbele kwa saa moja au mbili. Wewe una anga la Dar es Salaam, bure, ambako tofauti ya urefu wa mchana mwaka mzima haifiki saa moja. Kitu cha bei hiyo na madhara machache hivyo, mimi sisubiri jaribio lingine ili nikijaribu.

Nije kwa jirani. Wengi tumeaminishwa kwamba jua la asubuhi na mapema ndilo lenye vitamini D, mpaka watoto wachanga tunawatoa saa 1. Jua la saa 1 ni zuri kwa saa ya mwili, kwa vitamini D ni hafifu. Ngozi inatengeneza vitamini D kwa miale ya urujuanimno ya aina B, na jua likiwa chini hewa inaimeza karibu yote. Kanuni rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko wewe, unapata kidogo sana, kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inafanya kazi. Hapa kwetu kivuli kinafupika kuanzia saa 3 na nusu hivi. Kioo cha dirisha nacho kinazuia miale hiyo, kwa hiyo kukaa dirishani kunaisaidia saa ya ubongo na hakuisaidii mifupa. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi, na ngozi ya mzee inatengeneza chini ya nusu ya inavyotengeneza ya kijana.

Haina maana kwamba sisi weusi hatuwezi kuipata juani. Mwaka 2012 watafiti walipima damu za Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili hapa Tanzania, wakakuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita, wakati maabara nyingi zinahesabu 50 kuwa inatosha. Tofauti yao na mama ni paa. Kwa hiyo, siku tatu nne kwa wiki, kati ya saa 3 na nusu na saa 4 na nusu, mikono wazi mpaka juu ya viwiko na miguu mpaka magotini, dakika 15 mpaka 20. Kama anajisitiri, mtafutie mahali ambapo hatazamwi. Vibua na dagaa na kiini cha yai vinaongezea. Mtu wa zaidi ya miaka 70 anashauriwa kupata uniti 800 kwa siku, na mzee aliyekaa ndani miezi mingi mara nyingi anastahili kuongezewa kwa vidonge. Muulize daktari wake. Na kwa wengine mnaosoma: mzee mwenye ualbino haya ya kuacha ngozi wazi hayamhusu kabisa. Yeye atakaa kivulini, na kivuli, kama nilivyosema, kina luksi tele.

Kaka yako sasa. Jua halipandishi presha. Joto hutanua mishipa ya damu, presha inashuka. Mtu anayetumia amlodipini na kidonge cha kukojoza, akikaa kwenye joto bila kunywa maji, kisha akainuka ghafla, damu itamshukia miguuni, presha itashuka na ataanguka. Kwa mama wa miaka 79 kuanguka ni nyonga, na nyonga ni kitanda. Kwa hiyo hofu ya kaka ni ya kweli, ila ameielekeza upande usio wake. Mpe mama kikombe cha maji kabla ya kutoka na kingine akiwa nje, kwa sababu wazee kiu hawaisikii vizuri. Akitaka kuinuka akae kwanza dakika mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame umemshika. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana asiwe juani, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi. Kidonge chake cha kukojoza angalia jina: kama ni haidroklorothiazidi, kinaifanya ngozi ishikwe na jua upesi, basi punguza zile dakika na akae zaidi kivulini. Na angalia anakimeza saa ngapi. Kama ni jioni, huenda safari mbili katika zile nne za usiku ni za chooni. Muulize daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi.

Sasa kazi yenyewe. Mama ameshaamka alfajiri, kwa hiyo nusu ya kazi ameifanya mwenyewe. Akimaliza kuswali usimwache arudi kitandani. Fungua mapazia yote, mpe chai, na kukianza kupambazuka vizuri mtoke. Lengo langu ni kwamba kabla ya saa 3 awe amekaa nje saa nzima, macho wazi, bila miwani ya giza. Mtandio hauzuii kitu, hata nikabu, maana macho ndiyo mlango. Hana haja ya kulitazama jua, na asilitazame. Aone tu anga na ukuta wa pili uliopigwa na mwanga.

Ghorofa ya tatu bila lifti najua. Kushuka na kupanda kila siku siyo haki kwako wala kwake. Je, mna kibaraza? Hata kile chembamba cha kuwekea ndoo na jiko kinatosha kigoda kimoja, toa ndoo. Kama hakuna, majengo mengi ya Kariakoo yana paa la zege ambako wapangaji wanaanika nguo. Ngazi ni zile zile, ila huko juu anga ni lote na hakuna pikipiki. Pandeni asubuhi mara moja na kapu la nguo, mkae mpaka muanike. Usimwache peke yake huko, hata kwa kufuata simu. Siku ambayo magoti yanagoma, kiti chake kihamie kwenye dirisha linalotazama mashariki, uso uelekee nje, siyo mgongo. Runinga hamisha wewe, usihamishe kiti kuifuata runinga.

Na usimwambie twende ukaote jua. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, bibi wa Kilwa, mwanawe alimbembeleza wiki nzima akakataa: mimi siyo mpunga, alisema, wa kuanikwa. Tukabadili. Mkwewe akaanza kutoka nje na ungo wa mchele, anakaa, anachambua vibaya makusudi, anaacha mawe. Siku ya pili bibi alishindwa kuvumilia, akatoka, akamnyang'anya ungo. Tangu hapo akawa ndiye mchambuaji wa mchele wa nyumba nzima, na ungo ulikuwa nje tu. Mama yako wa Pangani ana kazi yake mikononi, mrudishie.

Mchana asilale kochini. Alale kitandani, mara moja, nusu saa, kabla ya saa 8, kisha umwamshe. Siku za mwanzo atakununia.

Halafu alasiri. Ule wasiwasi wa kufunga nguo kwenye khanga tunauona kwa wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau: jua likizama vivuli vinakuwa virefu, chumba kinabadilika, saa ya mwilini haijui ni wakati gani, na moyo unataka nyumbani. Kubishana naye kwamba hapa ndipo kwenu hakutakusaidia. Mtoe saa 10, kabla hajaanza. Mwanga wa alasiri una faida ya pili kwa wazee: saa zao nyingi zinakimbia mbele, wanasinzia saa 1 jioni na kuamka saa 8 usiku wakidhani kumekucha, na mwanga wa mwisho wa mchana unazirudisha nyuma kidogo. Mkirudi ndani washa taa mapema, kabla giza halijaingia, ili asikutane na giza ghafla. Akishaswali isha, geuza: zima taa nyeupe za dari, acha moja ya manjano, hafifu, na runinga ilale. Kikundi cha wataalamu wa kimataifa kilichotoa mwongozo mwaka 2022 kilishauri mwanga mwingi mchana, mdogo sana saa tatu kabla ya kulala, na giza usiku. Njia ya chooni weka taa ndogo ya manjano iliyo chini karibu na sakafu. Ile nyeupe kali unayoiwasha akiamka saa 9 usiku inauambia ubongo wake kumekucha, na yeye anaamini.

Vidonge vya usingizi sitakuambia uache leo. Baadhi, kama diazepamu, vikitumika wiki nyingi kisha vikakatwa ghafla vinaleta shida mpya. Lakini mzee anayeyumba asubuhi ni mzee anayekaribia kuanguka, kwa hiyo rudi kwa daktari wiki hii, beba pakiti zote, na mwombe mpango wa kupunguza. Usibadilishe kwa vile vidonge vya mafua vinavyosinziza ambavyo kila duka la dawa litakupa. Kwa wazee vinachanganya akili na kuzuia mkojo. Mwambie daktari pia apime mkojo, damu na tezi ya shingo, na amuulize mama kuhusu huzuni. Amefiwa na mumewe na kuhama nyumba katika mwezi mmoja. Sonona kwa mzee inafanana sana na usahaulifu, nayo ina tiba. Na siku yoyote akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, akiwa na homa, akishindwa kunyanyua mkono, au akilala hata haamshiki, hilo siyo suala la mwanga tena. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Nimekuacha wewe mwisho kama unavyojiacha mwenyewe. Hesabu saa ulizokaa nje jana. Mlezi anafungwa na mgonjwa wake. Taa iliyomchanganyia mama usiku na mchana ndiyo hiyo hiyo unayokaa chini yake. Uingereza waliwaangalia watu wazima zaidi ya 400,000, matokeo yakatoka mwaka 2021: kwa wastani walikuwa nje mchana saa mbili na nusu, na kila saa iliyoongezeka iliendana na sonona kidogo, usingizi bora na kuamka kwa wepesi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kipi kimesababisha kipi, maana mwenye sonona naye hatoki nje. Ila saa ya mama ya asubuhi ni yako pia. Usiitumie kufua ndani wakati yeye yuko kibarazani. Keti naye, kunywa chai yako hapo. Na kulia bila sababu, baada ya miezi ya kutolala, nako kuna sababu. Kukiendelea wiki mbili zaidi, au ukianza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, nenda ukaonwe wewe kama wewe, siyo kama msindikizaji wa mama.

Wapo wanaonisoma wakiwa Uingereza au Marekani, wanaolea wazee wa watu kwa zamu za usiku. Kwenu hesabu ni nyingine. London mwezi wa Desemba mchana ni saa nane hivi tu, na kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huko halitoshi kutengeneza vitamini D, ndiyo maana serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku kwa kila mtu, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Ukitoka zamu asubuhi na unataka kulala, vaa miwani ya giza njiani, pazia zito chumbani, kisha utoke nje mara unapoamka mchana, hata kama ni dakika 20 za kwenda dukani.

Kwa kaka yako nina ombi, na unaweza kumsomea. Anayejali presha ya mama kwa simu apewe Jumamosi na Jumapili, kuanzia alfajiri mpaka saa 4, juu ya paa, na chupa ya maji. Nawe siku hizo ulale na mlango ufungwe. Kama anaishi mbali, atume nauli ya binti wa kukushika mkono asubuhi mbili kwa wiki.

Chukua daftari. Kwa wiki tatu andika vitu vitatu tu: saa aliyotoka nje, saa aliyolala, mara alizoamka. Wiki ya kwanza usitegemee kitu, huenda hata mambo yakazidi kwa sababu umemnyima kochi lake. Ya pili angalia kama alasiri anaifunga khanga baadaye kidogo kuliko zamani. Nitumie hizo kurasa, nitakujibu. Na leo hii piga simu Pangani, mwambie shangazi au yeyote aliyebaki akupakilie fungu la miyaa, yale majani ya kusukia ukili, kwenye basi. Stendini unalipokea kesho yake.